Ombi la Kuzikwa na Kifaa cha Mabomba ya Breki

Nyumba ya Mwisho,
Njia ya Kanisani, Stokebrook.
Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi.

Kwa Bi. Thelma Corfield,
Mhariri, Jarida la Klabu ya Magari ya Kale ya Stokebrook.

Ndugu Mhariri,

Pokea heshima zangu, na uniwie radhi kwa mwandiko. Mkono unatetemeka, lakini hoja zimesimama wima. Nina umri wa miaka themanini na minane. Daktari ameniambia, kwa upole wa mtu anayetaka kwenda kula chakula cha mchana, kwamba mitufaa ya mwaka huu nitaiona ikichanua lakini nisitegemee kula matunda yake. Basi hii ndiyo barua yangu ya mwisho ya malalamiko, baada ya zile mia moja na kumi na mbili ulizonazo kwenye faili, na naomba ichapishwe nzima katika toleo la wiki hii, kabla ya kura. Mara nyingi umekata mahali palipo na ukali. Safari hii usikate popote.

Alhamisi ijayo wanachama watapiga kura. Je, klabu iachane na kifaa chetu cha kale cha kutanulia midomo ya mabomba ya breki, kile cha chuma kinachobanwa kwenye jiliwa la mezani, na kununua kipya kidogo kinachosukumwa kwa mafuta? Jambo hili si dogo. Kifaa kitakachoshinda ndicho atakachopewa Bi. Rowena Bebb siku ya Jumamosi, atengeneze mabomba mapya ya gari la kijani la baba yake, aina ya Wolseley. Na Jumapili ya kwanza ya Juni, Mzee Desmond Bebb atakapotimiza miaka tisini, binti huyo anakusudia kumtoa katika nyumba ya wazee, kumketisha kiti cha mbele, na kumteremsha Mlima Callow mpaka kijijini. Mlima ule ule. Kila msomaji wako anajua kilichotokea pale mwaka 1987, au anadhani anajua.

Kwa wake na waume wa wanachama, ambao husoma jarida hili kwa sababu tu limeachwa chooni, naeleza kwa ufupi. Bomba la breki ni jembamba kama penseli. Ncha yake hukunjwa iwe na mdomo, ili ikae kwenye kiti chake bila kuvuja, na nyuma ya mdomo huo kuna nati ya kuukaza. Nati isipovishwa kabla ya kukunja mdomo, haitaingia tena mpaka siku ya kiyama. Ndiyo maana sisi hatuagani kwa kusema kwaheri. Tunasema, "Nati kwanza."

Mimi ni Katibu na Mtunza Kifaa kwa mwaka wa thelathini na tisa sasa. Nikiwa na wadhifa huo, na nikiwa mwalimu mkuu mstaafu niliyewafundisha fizikia nusu ya wanachama, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kifaa kipya hakiumizi. Mwezi uliopita Mwenyekiti wetu, Bwana Nigel Tudge, aliyekuwa daktari wa meno na kwa hiyo amezoea kuharibu midomo ya watu kwa utulivu, alisimama mbele yetu ndani ya sweta lake la njano. Akatia bomba katika kifaa hicho, akabonyeza mpini mara sita, akatoa mdomo ulio sawa kama pete ya ndoa. Alibonyeza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na biskuti. Nauliza: breki iliyotengenezwa na mtu anayekula biskuti itamheshimu nani? Kifaa chetu kina uzito wa mwanakondoo. Kinahitaji jiliwa, meza isiyocheza, na mwanachama mwenye mgongo mzima, na migongo ya namna hiyo klabu imebakiwa na mmoja tu. Ukimaliza bomba moja unakaa chini na kumkumbuka Mungu. Hayo ndiyo matengenezo ya magari ya kale.

2. Kifaa kipya kinawapa watu wote mdomo mmoja. Zamani nilikuwa nikiingia chini ya gari lolote la klabu namjua fundi kwa kuangalia mabomba yake, kama nilivyojua insha za wanafunzi wangu kwa mwandiko. Mumeo marehemu, Ndugu Mhariri, midomo yake yote ilielekea kushoto, kama kura zake, na haikuwahi kuvuja. Yangu, bila kujisifu, ilinipatia kikombe mwaka juzi, kwa usawa ambao Bwana Tudge aliuita wa ajabu kwa mtu wa umri wangu. Je, tunataka kufika mahali ambapo hata Bwana Tudge anaweza?

3. Kuna suala la keki. Msomaji anakumbuka kanuni yetu: atakayekunja midomo yote miwili kabla ya kuvisha nati, au kuharibu bomba kwa uzembe mwingine wowote, atalitundika kwenye Ubao wa Aibu ukumbini chini ya jina lake, na Alhamisi inayofuata ataleta keki. Kwa kanuni hiyo klabu hii haijanunua keki tangu ianzishwe. Bwana Tudge peke yake ana mabomba kumi na moja ubaoni, na keki yake ya limau imekuwa ikiboreka kila mwaka. Jina langu halina bomba hata moja. Sasa ikiwa kila mtu atafanya kazi bila kosa, tutakula nini? Nakiri, kwa kuwa nilifundisha sayansi na si siasa, kwamba kifaa kipya hakimzuii mtu kusahau nati. Hakuna kifaa kinachozuia hilo. Nimetafuta.

4. Utaratibu wa kuchagua ulikuwa mbovu. Kamati Ndogo ya Kifaa imekaa miezi kumi na minne. Nilikuwa mjumbe, na nashuhudia kwamba maswali yote ya msingi yaliisha katika robo saa ya kwanza. Bomba letu lina unene gani? Ni la shaba tupu, iliyo laini, au la shaba iliyochanganywa na nikeli, iliyo ngumu zaidi na inayodumu? Gari linataka mdomo uliokunjwa mara moja au mara mbili? Taya za kifaa zinalishika bomba barabara bila kuling'ata na bila kuliachia? Anayejua majibu hayo manne amekwisha kuchagua. Muda wote uliobaki tulijadili rangi ya sanduku. Hata kile kifaa rahisi tulikijaribu, kile cha vipande viwili vya chuma vyenye matundu kama filimbi. Bomba liliteleza, likatoka na alama za meno, mdomo umekwenda upande. Bwana Tudge alisema sura hiyo anaifahamu, ndiyo waliyoondoka nayo wagonjwa wake.

Kwa sababu hizo napendekeza adhabu kwa yeyote atakayepiga kura ya kifaa kipya. Kwanza, asikae karibu na jiko la ukumbi wakati wa baridi. Akishikilia, asiruhusiwe kuingiza boga lake katika mashindano ya Agosti. Na akifa hajatubu, azikwe ule upande wa makaburi usioona barabara.

5. Kuhusu mazishi. Naomba rasmi kwamba kifaa cha kale kizikwe pamoja nami. Nimekwisha kuonana na Bwana Pugh, mzishi wetu, nikampa vipimo. Alikuna kichwa akasema, "Mzee Gittins, mpini hauingii, labda tukukunje wewe." Nimekubali kukunjwa, mara mbili, kama bomba la heshima. Waongezwe wabebaji wawili wenye nguvu, na mchungaji asitaje uzito katika mahubiri. Kifaa kikishakuwa futi sita chini, hakuna atakayechunguza taya zake. Sijui kwa nini nimeandika sentensi hiyo ya mwisho, lakini nimekwisha kukuomba usikate kitu.

6. Namlalamikia Bi. Rowena Bebb. Huyu ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mpimaji wa ardhi kwa kazi yake, na alikuja ukumbini wiki tatu zilizopita na futi ya chuma mfukoni, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu. Hakuuliza kifaa kipi ni kizuri. Aliuliza kama anaweza kuliona bomba lililotundikwa chini ya jina la baba yake. Sikupata sababu ya kumkatalia. Akalitoa msumarini, akatoka nalo mpaka kwenye trela alikokuwa amelipakia lile gari la kijani, akajilaza chini kwenye kokoto na koti lake zuri, na akalipima bomba kufuata njia yake, kutoka kiti hadi kiti.

Alipotoka chini ya gari alikuwa na kutu kwenye nyusi.

"Bwana Gittins, hili bomba ni fupi."

Nikamwambia shaba husinyaa kwa uzee, kama sisi. Ndugu Mhariri, nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja.

Alinitazama kama ninavyokumbuka kuwatazama watoto waliosema mbwa amekula daftari. "Baba alikuwa mpeleka barua," akasema. "Akikosea, hukosea mlango. Kipimo hakosei." Akalirudisha bomba msumarini, taratibu, akanishukuru kwa kumfungulia mlango. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema ni fupi kwa upana wa kidole kimoja.

7. Malalamiko yangu makubwa kuliko yote ni dhidi ya Mzee Desmond Bebb mwenyewe, kwa sababu katika maisha yake hajalalamika hata mara moja.

Mei 1987 aliniomba nimtengenezee bomba moja, lile refu linalokwenda magurudumu ya nyuma. Angeweza kwenda gereji. Alikuja kwangu kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu, na kwa kuwa wiki ile ile nilikuwa nimechapisha humu jaridani makala ya kurasa mbili juu ya watu wanaosahau nati. Nililitengeneza ukumbini, peke yangu, alasiri. Nikavisha nati ya kwanza, nikakunja mdomo. Nikakunja na mdomo wa pili. Nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha, na nilikuwa sijapata kufanya kazi nzuri kama ile. Kisha nikaona kwamba nati ya pili haimo.

Mtu mwingine angecheka, angelitundika, angeoka keki. Mimi nilitazama mlango. Shaba nyingine isingefika mpaka Jumatatu, na maonyesho ya kijiji yalikuwa Jumamosi. Nikakata ncha, nikavisha nati, nikakunja upya, kwa kifaa ambacho taya yake ya kushoto ilikuwa imekwisha kulika na imeanza kuteleza. Bomba likawa limepungua upana wa kidole. Nikalifunga garini mwenyewe. Nililivuta mpaka likafika. Kitu kikivutwa kwa nguvu hufika, lakini hakitulii.

Jumamosi ile Desmond aliteremka Mlima Callow akiwa na mkewe Nesta mbele, na Rowena, wa miaka kumi, nyuma, amepakata keki ya mashindano. Magari yale yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, zimekwenda zote. Mguu wake ulizama hadi sakafuni. Breki ya mkono ilitoa harufu tu. Gari lilipita lango la konde la mchungaji, likabeba hema la chai, likasawazisha meza ya keki, likasimama ndani ya ua wa miti. Hakufa mtu. Watu walitoka chini ya hema hilo na vikombe mkononi, na kwa miaka mingi imekuwa hadithi ya kuchekesha, nami nimeisimulia mara nyingi kuliko mtu yeyote. Sikuwa nasimulia kwamba mkono wa kulia wa Desmond ulivunjika mahali pawili, wala kwamba hakubeba tena mfuko wa barua, wala kwamba hakushika tena usukani. Wala kwamba mtoto alitolewa nyuma akiwa bado ameikumbatia sahani, hasemi, na hakusema mpaka Jumatano.

Klabu ilikaa kikao. Bwana Tudge, ambaye wakati huo hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote, aliuliza kama huenda Desmond aliikaza nati kupita kiasi baada ya mimi kulifunga, maana nati ikikazwa mno hupasua mdomo. Desmond alinitazama. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Alinitazama muda wa kutosha mimi kusimama, kama ningekuwa mtu wa kusimama.

"Labda nilikaza sana," akasema.

Likatundikwa chini ya jina lake. Kibandiko niliandika mimi, Katibu, kwa mwandiko ambao wakati ule ulikuwa mzuri: "D. Bebb. Alikaza kupita kiasi." Alhamisi iliyofuata Nesta alileta keki, kama kanuni inavyosema. Nilikula vipande viwili.

Sasa nauliza, Ndugu Mhariri: kwa nini hakulalamika? Anayekulalamikia anakupa nafasi ya kukana, na ukikana mara nyingi unaweza hata kuamini. Huyu alinyamaza. Aliniachia haki yote, na nimeibeba miaka thelathini na saba, nayo ni nzito kuliko kifaa. Katika miaka hiyo nimekitetea kifaa kile kwa barua mia moja na kumi na mbili. Kama kingetupwa, mtu angeuliza sababu. Mtu angetazama taya.

Jumanne iliyopita nilikwenda kumwona. Dirisha lake linatazama maegesho ya magari, na anawajua wauguzi wote kwa sauti za injini zao. Maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, ndani ya kofia. Tukaongea kuhusu mvua. Tukaongea kuhusu goti la mchungaji. Kisha, akikoroga chai kwa mkono wa kushoto, akasema bila kuinua macho:

"Lionel, ile nati ilikuwa wapi?"

"Nati gani?" nikasema.

Aliendelea kukoroga mpaka nikaona chai imepoa. Nilipovaa kofia, karatasi ikaanguka, nikaiokota haraka kama mwizi. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiaga. "Haya bwana. Nati kwanza, Lionel." Alisema kwa wema kabisa, na hilo pia nalilalamikia.

Najua kwamba Rowena humsomea jarida hili kila mwezi, mwanzo hadi mwisho, pamoja na matangazo ya matairi. Ndiyo sababu ya kuandika kwako, si kwa Desmond. Sikuweza kusema nikiwa ndani ya chumba kimoja naye. Labda nitaweza nikiwa ukurasa wa nne.

Kwa hiyo nahitimisha kwamba kifaa cha kale kibaki, kitunzwe, na hatimaye kizikwe kwa heshima. Wasalimie wanachama wote kwa majina yao na kwa makosa yao. Msalimie Bwana Tudge, umwambie keki yake ya limau sasa inaliwa bila kulazimishwa. Wasalimie mchungaji na goti lake, Bwana Pugh na futi yake, na paka wa ukumbini, ambaye bibi yake wa kale ndiye pekee aliyekuwepo alasiri ile, na hata kizazi hiki cha nane hakijanisaliti.

Aliyebaki kuwa mtumishi wenu, kwa muda mfupi huu,

Lionel Gittins
Katibu na Mtunza Kifaa

N.B. Nimeisoma tena barua hii. Tafadhali yapuuze malalamiko namba 1 hadi 6.

Kifaa kipya ninacho. Nilikinunua miaka sita iliyopita, mikono ilipoanza kutetemeka, na kimo ndani ya pipa la mkate jikoni kwangu, chini ya gazeti. Mabomba yangu yote mliyoyasifu tangu hapo, pamoja na yale ya kikombe, yametoka humo, na ukweli ni kwamba nilikuwa nikila biskuti. Ni kifaa kizuri sana. Kura yangu ihesabiwe upande wake. Kikombe apewe Bwana Tudge.

Rowena asisubiri Alhamisi. Aje akichukue leo, mlango wa nyuma haufungwi. Akate mabomba yake marefu kidogo, ayape mkunjo wa kupumulia, asivute kitu. Kifaa cha kale asipewe yeye wala mtu mwingine. Kizikeni peke yake, mimi sitaki kulala nacho.

Kibandiko cha D. Bebb kiondolewe. Kipya nimekiambatisha humu: "L. Gittins. Alisahau nati, akaficha." Keki imo kwenye bati juu ya meza. Upande mmoja umeungua, ndiyo ya kwanza kuoka maishani.

Na wewe Rowena, ukifika hapa katika kusoma, mwambie baba yako aweke kijiko chini. Ile nati ilikuwa mezani, Desmond, chini ya kisahani changu. Niliiona nilipoinua chai ninywe kujipongeza.